Damu Isiyofundishwa

Ndugu zangu, wazazi wenzangu, na ninyi mabibi mnaolea wajukuu, nileteeni tochi niwaonyeshe koo.

Mtoto wa miaka minne amepakatwa na mama yake. Kichwa kimeinuliwa, kijiko kimekandamiza ulimi. Mwanga unaingia, lakini huoni ule wekundu wa mafua tuliouzoea. Unaona utando. Ni wa kijivu, umetanda juu ya matezi ya koo kama ngozi inayojitengeneza juu ya maziwa yaliyopoa, ila huu hauelei. Umeshika. Ukijaribu kuubandua kwa pamba, damu inachuruzika chini yake. Pumzi ya mtoto ina uvundo mtamu usiosahaulika. Shingo imevimba pande zote mbili hadi taya halionekani, ndiyo maana matabibu huiita shingo ya fahali. Na kila akivuta hewa inatoka sauti kama ya msumeno butu kwenye ubao mbichi.

Hiyo ndiyo dondakoo. Katika miaka yangu thelathini ya uuguzi wa zahanati nimeiona mara moja tu, na hiyo mara moja imenitosha kuihubiri mpaka siku nitakayofukiwa.

Mnajua utando ule ni nini? Mimi nilidhani ni uchafu wa ugonjwa, kitu cha adui kilichopandwa pale. Sivyo. Sehemu kubwa yake ni mwili wenyewe. Ni nyuzi za damu iliyoganda, ni seli za koo zilizokufa, ni bakteria, na katikati ya hayo yote zimo chembe nyeupe za damu, maelfu kwa maelfu, zilizokuja mbio kumwokoa mtoto zikafia palepale mlangoni. Walinzi walikuja! Lishikeni neno hilo, maana ndilo lililonishikisha kalamu. Mwili wa mtoto yule haukulala. Ulifanya yote uliyoyajua. Lakini kulikuwa na jambo moja haukulijua, na jambo hilo hakuna awezaye kulisoma akiwa amekwisha kukabwa. Lilitakiwa kufundishwa mapema, na waliotakiwa kulifundisha ni sisi wakubwa.

Wengi wetu tulizisikia habari za walinzi hawa kwa mara ya kwanza katika miaka ile migumu ya UKIMWI. Tuliambiwa mwilini mna askari, tukasomewa hesabu ya CD4 kwenye karatasi, tukajua askari wakipungua mtu anakwisha. Neno askari lilitusaidia, silikatai. Ila lilituachia picha pungufu, kana kwamba mwilini wamo watu wa bunduki peke yao. Ndugu zangu, wamo walaji, wamo matarishi, wamo waamuzi, wamo mafundi, na wamo wazee ambao kazi yao yote ni kutosahau. Aliyetuumba hakutujengea kambi ya jeshi tu. Alitujengea mji.

Walaji ndio waliojulikana kwanza. Mwaka 1882, pale Messina katika kisiwa cha Sicily, Elie Metchnikoff alikuwa akitazama kwa hadubini viluwiluwi vya kiti cha pweza, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota ambaye watoto wetu wa pwani humwokota maji yakipwa. Viluwiluwi hivyo ni angavu kama kioo, unaona mpaka ndani. Akavichoma kwa vijimwiba vya mchenza, akangoja kukicha. Asubuhi alikuta seli zimeuzingira mwiba pande zote. Hapakuwa na mshipa wa damu wa kuzibeba. Zilijikokota zenyewe kumwendea mgeni, kana kwamba zinataka kumla. Tangu siku ile alishikilia kwamba uhai hulindwa na seli zinazokula. Wengine, hasa kule Ujerumani, wakasema la, kinga imo katika majimaji ya damu. Walibishana miaka mingi na kwa ukali. Mwaka 1908 Tuzo ya Nobel ikagawanywa kati yake na Paul Ehrlich, bingwa wa upande wa majimaji. Nami nasema dondakoo ndiyo shahidi bora wa kwamba walikuwa wamegawana ukweli mmoja.

Sasa sikilizeni kwa makini, maana hapa ndipo hila ya ugonjwa huu ilipo.

Bakteria wa dondakoo, ambaye Edwin Klebs alimweleza mwaka 1883 na Friedrich Loeffler akafaulu kumwotesha maabara mwaka 1884, haendi popote. Loeffler aliwapasua wanyama waliouawa na bakteria huyu akakuta viungo vya mbali vimeharibika, lakini bakteria wenyewe wako palepale alipowadunga. Hawakusafiri. Basi nani aliyeua kule mbali? Mwaka 1888, mjini Paris, Émile Roux na Alexandre Yersin wa Taasisi ya Pasteur waliichuja supu walimokuzwa bakteria, wakabaki na maji yasiyo na kiumbe hata mmoja. Wakawadunga wanyama maji yale. Wanyama wakafa. Kumbe muuaji ni sumu. Bakteria amejifungia kooni kama mtu aliyejikomelea chumbani, huku anamwaga sumu dirishani, nayo inafuata mkondo wa damu hadi moyoni.

Fikirieni basi kazi ya wale walaji. Wa kwanza kufika ni neutrofili, ndani ya saa chache tu, kwa wingi kama kumbikumbi baada ya mvua. Wanameza, wanamwaga kemikali kali, wanakufa kwa kazi yao. Nyuma yao wanakuja makrofeji, wenye matumbo makubwa na maisha marefu zaidi. Nao wanameza. Lakini bakteria huyu ana ukuta wenye mafuta magumu, jamaa ya yale ya bakteria wa kifua kikuu, na baadhi yao huchelewa kufa hata wakishamezwa. Tuseme basi walaji wameshinda. Tuseme wamemeza elfu, wamemeza laki. Sumu iliyokwisha kumwagwa je? Sumu ni protini iliyoyeyuka. Haina ukuta wa kushikwa wala mkia wa kukamatwa. Mlaji anamkaba mwizi, na mali ilishavuka ua.

Na liko jambo ambalo nilipolisoma niliweka kitabu chini nikatoka nje kupunga hewa. Mwili una ujanja wa kale: ukivamiwa, huficha madini ya chuma, maana bakteria asipopata chuma hawezi kuzaana vizuri. Neutrofili wenyewe humwaga protini ya kuyanyakua madini hayo mbele ya mdomo wa adui. Ni ujanja mwema, unatuokoa na maradhi mengi tusiyoyajua hata majina. Lakini bakteria wa dondakoo anapoonja upungufu wa chuma, ndipo anapofungua kiwanda chake cha sumu. Njaa tunayomtia ndiyo inayompa ishara! Wala kanuni ya kutengeneza sumu hiyo si yake mwenyewe. Mwaka 1951, huko Seattle nchini Marekani, Victor Freeman alionyesha kwamba bakteria mpole asiye na sumu, akiambukizwa kirusi fulani kinachoshambulia bakteria, anageuka kuwa mwenye sumu. Yaani muuaji wa watoto wetu naye ni mgonjwa, amebeba maandishi ya kirusi ndani yake.

Sumu inaua vipi? Inafika kwenye seli, tuseme ya moyo, inashika kipokezi kilichoko mlangoni, kipokezi ambacho mwili hukitumia kwa kazi njema za kukuza seli na kuponya vidonda. Seli inaikaribisha. Inaivuta ndani ya kifuko, na kama ilivyo desturi ya seli kwa kila inachotaka kukisaga, inatia asidi. Asidi hiyo ndiyo inayoifungua sumu. Kipande chake kinapenya ukuta wa kifuko, kinaingia tumboni mwa seli, kinakwenda kuukaba mtambo wa kutengeneza protini. Mtambo unasimama. Molekuli moja ya kipande hicho inatosha kuua seli nzima. Moja! Na kwa mtu mzima au mtoto, kiasi cha kama mikrogramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito kinaweza kumtoa roho. Chukua punje moja ya chumvi ya mezani, iweke kwenye ncha ya kidole. Dozi ya kumuua mtoto wa kilo kumi na tano ni sehemu ndogo sana ya uzito wa punje hiyo.

Ndiyo maana ugonjwa huu una tabia ya kuwalaghai wazazi. Koo linaweza kuanza kusafishika, mtoto akaomba uji, nyumba ikashangilia, kisha moyo ukayumba katika wiki ya pili. Au uji anaokunywa ukatokea puani, kwa sababu neva za kaakaa zimelemazwa. Utando ulikuwa alama tu ya mahali adui alipokaa. Vita vilikuwa vinapiganwa kwingine.

Je, mwili hauna jibu? Unalo, tena jibu tukufu! Wakati walaji wanapambana, ziko seli nyingine zenye matawi kama mizizi ya mkoko. Hizi ndizo matarishi. Zinaokota kipande cha adui, zinauacha uwanja wa vita, zinafuata njia ya limfu hadi kwenye tezi la shingo. Ndugu za tezi hilo walioko kinenani tunawajua, wakivimba twasema mtu ana mtoki. Ndani ya tezi lile kuna baraza. Tarishi anasimama, anaonyesha kipande alichobeba. Seli T zinapita mbele yake moja moja, nyingi hazikitambui, mpaka inakuja moja ambayo umbo lake linakubali. Hiyo inaamka, inazaana, inakwenda kumpa ruhusa seli B ambaye naye ameishika sumu ileile. Seli B anaanza kufua silaha: kingamwili, protini ndogo zenye umbo la panda ya manati.

Kingamwili haiui sumu. Inaikumbatia. Inaishika palepale ilipokuwa ishike mlango wa seli, na sumu iliyokumbatiwa haiingii popote. Walaji wanakuja kuikusanya pamoja na kingamwili iliyoishika, wanaila. Hapo ndipo Metchnikoff na Ehrlich wanapopeana mkono.

Lakini baraza lina mwendo wake. Kwa mwili usiowahi kuiona sumu hii, huchukua wiki nzima, pengine mbili, kabla kingamwili za kutosha hazijaingia damuni. Dondakoo humwangusha mtoto siku mbili hadi tano tu baada ya bakteria kutua kooni. Hesabuni wenyewe. Walinzi walikuja, matarishi walikimbia, baraza lilikaa usiku na mchana, na uamuzi ulitoka mtoto akiwa ameshazikwa.

Mtoto niliyemwona mimi alifia njiani, kati ya zahanati yetu na hospitali, kwenye gari la kuomba, saa nane usiku. Mama yake alikuwa ameishika kadi ya kliniki safari nzima, ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu anayeshika hati ya kiwanja. Niliifungua baadaye. Sindano ya kwanza ilikuwa imeandikwa tarehe kwa wino wa bluu. Visanduku viwili vilivyofuata vilikuwa vitupu. Sikumlaumu mama yule wala simlaumu leo. Najilaumu mimi, kwa sababu yule mwandishi wa wino wa bluu nilikuwa mimi, na mama alipoacha kurudi sikwenda kumtafuta.

Mtaniuliza: hapakuwa na dawa? Ipo dawa. Desemba 1890, mjini Berlin, Emil von Behring na Shibasaburo Kitasato walitangaza kwamba damu ya mnyama aliyezoezwa sumu, ukiichuja ukapata yale maji yake ya manjano, yanaweza kumkinga mnyama mwingine. Baadaye farasi walifundishwa sumu ya dondakoo kidogo kidogo, na kingamwili zao zikadungwa watoto. Roux alipotangaza matokeo yake mwaka 1894, vifo katika wodi ya watoto mjini Paris vilikuwa vimeshuka kutoka zaidi ya nusu hadi takriban robo. Tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya tiba, mwaka 1901, alipewa Behring kwa kazi hiyo. Na mpaka leo tunategemea farasi! Dawa hiyo hutengenezwa na wachache, huadimika duniani, na inatakiwa kutolewa mapema, kwa sababu kingamwili haiwezi kuifuata sumu iliyokwisha kuingia ndani ya seli. Kila saa inayopita ni milango mingine iliyofunguliwa.

Halafu kinga hiyo ni ya kuazima, na nguo ya kuazima haisitiri. Farasi ndiye aliyefundishwa. Damu ya mtoto haikufundishwa kitu. Baada ya wiki chache kingamwili za farasi zinakwisha, na mtoto anabaki mjinga kama alivyokuwa.

Na lishikeni hili pia, maana ndilo linalowashangaza hata watu wa hospitali: kuugua dondakoo na kupona si hakika ya kupata kinga. Tumezoea surua, mtu akiugua mara moja basi. Sumu hii ni kali mno, kiasi chake kidogo kinachoua hakitoshi kulifundisha baraza. Kwa hiyo aliyepona naye huchanjwa. Msiniambie tena, "Acha augue, mwili utajizoesha wenyewe." Ugonjwa huu si mwalimu. Ni muuaji asiye na darasa.

Basi mwalimu yuko wapi? Mwalimu yuko kwenye chupa ndogo inayotosha kiganjani.

Mwaka 1923, Gaston Ramon wa Taasisi ya Pasteur alichukua sumu ya dondakoo, akaitia fomalini kidogo, akaiweka kwenye joto la wastani kwa wiki kadhaa. Ikatoka haina madhara, lakini sura yake imebaki ileile. Ni nyoka aliyeng'olewa meno: magamba yaleyale, kichwa kilekile, mwendo uleule, ila hawezi kukuuma. Huyo ndiye anayepelekwa mbele ya baraza. Matarishi wanamwokota kwa utulivu, seli T zinamtambua, seli B zinafua silaha, na hakuna moyo unaosimama.

Leo nyoka huyo amewekwa chupa moja na wenzake: pepopunda, kifaduro, homa ya ini aina ya B, na bakteria wa Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Tunaiita Penta. Ishikeni chupa hiyo kama mtaruhusiwa. Ikitulia, chini kuna mashapo meupe. Ukiitikisa inakuwa kama maji ya mchele. Weupe huo ni chumvi ya aluminiamu, iliyowekwa ili kuziamsha seli za pale msuli ulipo. Chanjo hii ikiganda kwa baridi imekufa, hata ikiyeyuka tena, na muuguzi mwenye shaka hulinganisha chupa mbili kwa kuzitikisa: iliyoganda hufanya mabongemabonge na kuzama haraka. Ndiyo sababu mnatuona tunaisumbukia friji kama mgonjwa mahututi. Kati ya nyuzi 2 na 8, juu ya hapo tunahangaika, chini ya hapo tunahangaika zaidi.

Kisha inaingia pajani. Mtoto analia, mama anafumba macho. Usiku mwili unapata joto, paja linavimba kijiuvimbe kigumu kama kokwa ya zambarau, mtoto ananung'unika mpaka alfajiri. Mama zangu, nawasihi kwa upendo wote: hiyo ndiyo sauti ya darasa! Pale pajani neutrofili wamefika, makrofeji wamefika, tarishi ameshaondoka kuelekea kwenye tezi la kinena akiwa amebeba sura ya nyoka. Mama anaona homa, anasema dawa imemdhuru mwanangu, sirudi tena. Na hapo ndipo darasa linapovunjwa siku ya kwanza ya muhula.

Kwa nini mara tatu, wiki ya 6, ya 10 na ya 14? Si kwa sababu serikali inapenda kutupanga foleni. Mara ya kwanza, seli B zinafua kingamwili chache na za kubahatisha, zinashika sumu kwa ulegevu, na hazidumu. Zikipumzika wiki nne, wazee wa kumbukumbu wanabaki wamekaa. Sindano ya pili inapokuja, baraza halianzi sifuri. Ndani ya tezi seli B zinabadilisha maumbo ya silaha zao kidogo kidogo, zinashindanishwa, ile inayoshika sumu kwa nguvu zaidi inaruhusiwa kuendelea, iliyolegea inaachwa ife. Sindano ya tatu inawachuja tena. Wanaofaulu, baadhi yao wanahamia ndani ya uboho wa mifupa, wanakaa humo miaka kwa miaka wakimwaga kingamwili kimyakimya, mtoto akicheza, akilala, akienda kisimani. Hawa ndio wanaotakiwa kuwa kazini kabla bakteria hajatua. Kumbuka mwendo wa baraza: hata lenye kumbukumbu huhitaji siku kadhaa. Silaha ziwe tayari damuni. Tayari!

Mtoto mwenye sindano moja amefundishwa herufi A akapewa barua ya kusoma.

Wala msidhani jambo hili ni la watoto wachanga peke yao. Wafanyakazi wale wa uboho nao huzeeka. Urusi na nchi jirani zilizotoka katika Umoja wa Kisovieti, zilizokuwa zimekwisha kuisahau dondakoo, zilipata wagonjwa zaidi ya 150,000 katika miaka ya 1990, na wengi walikuwa watu wazima ambao kinga yao ya utotoni ilikuwa imechakaa. Mwaka 2023 Nigeria ililia, hasa jimbo la Kano, na wengi waliougua ni watoto ambao hawakukamilisha chanjo. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri, baada ya zile tatu, nyongeza nyingine tatu kabla utoto haujaisha. Mjamzito anapodungwa chanjo ya pepopunda, katika nchi nyingi siku hizi ndani yake imo na ya dondakoo, na kingamwili zake zinapita kwenye kondo kumfikia aliye tumboni. Binti, usiikimbie sindano hiyo. Unamfungia mwanao mzigo wa njiani.

Nawageukia ninyi wazee wenye visu. Najua mnapenda watoto. Mtoto akikohoa wiki nzima, akishindwa kumeza, mnasema ni kimeo, mnakikata, mnapaka dawa. Baba zangu, mama zangu, kimeo hakina kosa! Ukifungua kinywa ukaona utando wa kijivu, weka kisu chini, mbebe mtoto, nenda hospitali usiku huohuo, usingoje jogoo. Kila saa uliyoitumia kutafuta wembe ni saa iliyoibwa kwa dawa ya farasi. Hata akipata tiba, karibu mmoja kati ya kumi anaweza kufa. Asipoipata, inaweza kufika nusu.

Nanyi mnaosambaza maneno kwamba chanjo hizi zinafunga uzazi, nawaambia bila kificho: mna damu mikononi. Hao waliochanjwa tangu miaka ya sabini na themanini ndio mama na baba wa watoto waliojaa shule zetu mpaka wanakaa chini. Tazameni madarasa hayo, kisha mnieleze uzazi gani uliofungwa.

Na wauguzi wenzangu, hamtapona leo. Kwa nini mama akichelewa miezi mitatu tunamfokea mbele ya foleni? Nimewasikia. Nimefanya. "Ulikuwa wapi? Umeona leo ndiyo siku?" Mama anameza aibu, mwezi unaofuata harudi, na sisi tunaandika kwenye rejista kwamba wananchi hawana mwamko. Mwambieni ukweli unaofariji: hata akichelewa, darasa haliendi kuanza upya. Wazee wa kumbukumbu bado wamekaa. Sindano inaendelea palepale ilipoishia.

Miaka mingi baada ya yule wa kwenye gari la kuomba, alikuja mama mmoja kijana, siku isiyo ya kliniki, mvua inanyesha. Alisimama nje ya mlango, kadi ameifunga kwenye pindo la kanga, mtoto wa miezi saba mgongoni. Sindano moja tu, tangu wiki ya sita. Akaniambia kwamba alikuwa amefika mpaka pale getini mara mbili akarudi nyumbani, kwa kuogopa kusemwa.

Nilimvutia benchi. Nikaenda kwenye friji, nikatoa chupa, nikakitazama kile kijisanduku kilichomo ndani ya duara ambacho hugeuka rangi chanjo ikiharibika kwa joto, bado kilikuwa cheupe. Nikaitikisa mpaka ikawa kama maji ya mchele. Mtoto akalia kilio kikubwa, akamshika mama yake sikio, akanyamaza. Nikaandika tarehe kwenye kisanduku cha pili kwa wino wa bluu, nikahesabu wiki nne mbele kwenye kalenda ya ukutani, na safari hii nikamwuliza mama anakaa kitongoji gani, nyumba ya ngapi kutoka kisimani.